Miezi Minne na Simu ya Majaribio Gendabi

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze nanyi, alisema nichague jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Najua wenzangu wengi mlitazamia nizungumzie mitambo ya simu ya zamani, kwa kuwa mnafahamu kwamba niliingia Shirika la Posta na Simu mwaka 1979 nikiwa fundi, nikawamo mpaka lilipogawanywa mwaka 1994, na nikaendelea na kazi hiyo hiyo hadi nilipostaafu na kurudi nyumbani Gendabi. Mitambo hiyo nitaigusa kidogo tu. Ninalotaka kuwaeleza ni la hivi karibuni zaidi. Mwaka 2024, kuanzia mwisho wa Mei hadi mwisho wa Septemba, nilikaa na simu iliyotiwa programu ambayo ilikuwa bado haijatolewa rasmi kwa watu. Kila siku niliyoitumia niliandika katika daftari yale niliyoyaona. Daftari lenyewe ni hili hapa, na mengi nitakayosema nayasoma humu.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe, maana kuna wazee wenzangu hapa ambao simu kwao ni kitu cha kupokelea habari za msiba na kutumiwa fedha na watoto, basi. Simu janja ina umbo unaloweza kulishika, yaani kioo, betri na vyuma vya ndani. Na ina programu kuu inayoviamrisha vyuma hivyo vifanye kazi. Umbo likishatoka kiwandani halibadiliki. Programu hubadilika. Kila baada ya muda watengenezaji huandika nyingine mpya, nawe unaipokea kwa njia ya mtandao, simu inazima na kuwaka, na unajikuta na simu ile ile yenye tabia nyingine. Sasa kabla programu mpya haijatolewa kwa wote, hutolewa kwanza kwa watu wachache wanaokubali kuijaribu na kutoa taarifa za makosa. Toleo hilo la majaribio huitwa beta, herufi ile ya Kigiriki ambayo vijana mmekutana nayo katika somo la hesabu.

Ninyi vijana mna mfano wake mzuri zaidi: mtihani wa mock. Hakuna anayepewa cheti kwa mock. Mock ipo ili mwalimu aone wapi darasa halijaelewa, wakati bado kuna nafasi ya kufundisha tena. Na mkulima anao mfano wake pia. Mbegu za maharage tunazozijua, kama Lyamungu 90 na Selian 97, zile namba mbili za mwisho ni mwaka mbegu ilipotolewa, 1990 na 1997. Lakini kabla ya mwaka huo ilikwisha kupandwa misimu kadhaa katika mashamba ya majaribio. Na mtaalamu mwenye akili haridhiki na shamba la kituo chake peke yake. Huipeleka mbegu kwenye udongo mwingine na mvua nyingine, kwa sababu haragwe linalostawi kwenye mteremko wa Kilimanjaro laweza kunyauka Basotu. Naomba muushike mfano huu wa maharage, maana ndio kiini cha yote nitakayosema.

Programu niliyoijaribu ni ya ukoo wa Android, ambayo ndiyo iliyomo katika simu nyingi mnazoziona mifukoni mwa watu wa Katesh, Mbulu na Babati, ziwe zimeandikwa jina gani mgongoni. Ilikuwa toleo la 15. Google, ambao ndio wenye Android, walitoa sehemu ya kwanza kwa waandishi wa programu tarehe 16 Februari 2024, beta ya kwanza tarehe 11 Aprili, na ya pili tarehe 15 Mei. (Zamani kila toleo lilipewa jina la kitu kitamu, keki na biskuti na kadhalika, tangu mwaka 2019 majina hayo hayatangazwi tena, lakini ndani ya kampuni wanayo bado, na toleo la 15 liliitwa aiskrimu ya vanila. Watu wazima hao.) Kwa kawaida beta hizi huanza kwa simu za Pixel, zinazotengenezwa na Google wenyewe, na ambazo madukani kwetu ni chache mno. Lakini mwezi ule wa Mei kampuni nyingine kadhaa ziliruhusiwa kuiweka beta ya pili katika baadhi ya simu zao, zikiwamo OnePlus, Xiaomi, vivo, OPPO na TECNO. Kila kampuni hutwaa Android na kuivika nguo yake, yaani huongeza na kubadilisha mambo kwa namna ipendavyo. Simu yangu ilikuwa ya kampuni mojawapo miongoni mwa washirika wa namna hiyo. Jina naliacha, kwa sababu makosa nitakayoyataja yalikuwa ya nguo na si ya mwili, tena yalikuwa ya majaribio, na si haki kumhukumu mtu kwa mock.

Simu yenyewe niliachiwa na mwanangu, aliyenunua nyingine. Hilo ni jambo la msingi, nitalirudia. Haikuwa simu yangu ya kila siku. Haikuwa na laini yangu ya fedha. Ilikuwa tupu kama debe.

Kuipakua tu ilikuwa kazi. Programu nzima ilizidi gigabaiti mbili, nami nilikwenda Katesh nikakaa kwa rafiki yangu mwenye duka mpaka usiku, saa ambazo mtandao haujazidiwa na watu. Kifurushi nilichotumia kingenitosha kwa matumizi ya kawaida ya zaidi ya wiki mbili. Vijana wa mjini hawalioni jambo hili, kwa sababu wana intaneti ya ofisini; lakini kwa mtu wa kijijini, gharama ya kujaribu inaanza hata kabla hajaona kitu. Kisha simu ikafutwa yote, picha na majina na kila kilichokuwamo, ndipo ikapokea programu mpya. Ukitaka kurudi kwenye toleo la zamani, inafutwa tena. Mjue hilo.

Yapo masasisho mengine, yale ya kawaida, ambayo hayafuti kitu, na tangu Android ya 7 ya mwaka 2016 yamekuwa na ufundi mmoja ambao mimi kama fundi wa zamani niliupenda sana. Simu inayotumia utaratibu huo ina vyumba viwili vya programu kuu. Wewe unaishi katika kimoja. Programu mpya inaandikwa katika kile kilicholala, wewe ukiendelea kuzungumza na kusoma. Kikikamilika, simu ikiwashwa upya inahamia huko. Na ikishindwa kusimama inarudi yenyewe kwenye chumba cha zamani. Sisi tulipokuwa tukibadilisha mtambo wa simu wa mji, tulifanya jambo la namna hiyo hiyo. Mtambo mpya ulisimama pembeni ya ule wa zamani, tukaujaribu laini kwa laini, kisha usiku mmoja watu wamelala tukahamisha nyaya. Na mtambo wa zamani haukubomolewa kesho yake, la hasha. Mhandisi aliyetufundisha alitukataza hata kuugusa mpaka mvua ya kwanza inyeshe, kwa sababu nyaya za siku zile zilikuwa na karatasi ndani, na maji yakipenya ndipo unapojua kama kazi yako ni nzima.

Sasa daftari. Wiki ya kwanza niliandika mambo ya macho tu: simu ilikuwa nyepesi kidogo kuliko zamani, programu zilijaza kioo kizima kutoka ukingo hadi ukingo, na betri iliisha saa nane mchana badala ya saa moja usiku. Betri kwetu ni jambo kubwa, lakini simu mpya hula chakula kingi siku za mwanzo inapojipanga, kwa hiyo nikaacha kwanza. Wiki ya tatu ilikuwa bado inaisha saa tisa. Nikaandika kosa namba moja.

Yalikuwapo mazuri mawili ya kweli. La kwanza, uliweza kuiondoa programu usiyoitumia kwa muda, simu ikaibakizia alama yake na kumbukumbu zako, na mwili wake mkubwa ukatoka. Ukiihitaji, unaigusa inarudi kwa mtandao. Kwa simu ndogo zinazojaa picha za harusi na nyimbo, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini katika simu yangu kitufe chake kiliandikwa kwa Kiswahili "weka kwenye kumbukumbu", na majirani zangu watatu niliowaonyesha wote walisema kwamba kitaijaza simu zaidi, kwa vile kumbukumbu ndilo neno lile lile walilozoea kuambiwa kwamba "imejaa". Kitufe cha kupunguza mzigo kinasomeka kama cha kuongeza! Mfasiri hakukosea kamusi. Alikosa tu kumuuliza mtumiaji. Nikaandika kosa namba mbili.

Zuri la pili ni chumba cha siri ndani ya simu, chenye kufuli lake mwenyewe, ambamo unaweza kuziweka programu zisionekane na mtu mwingine aliyeishika simu. Mke wangu alipoelezwa faida zake aliniuliza swali moja fupi, nami nikalifunga jambo hilo hapo hapo. Lakini kwa nyumba ambayo simu moja inapita mikononi mwa watu watano, na mtoto anaweza kutuma fedha bila kujua, si jambo la kuchekwa.

Mpaka hapo, Ndugu Mwenyekiti, mambo niliyoyaona ni yale yale ambayo mjaribu wa London au Chicago angeyaona. Mwezi wa pili ndipo Gendabi ilipoanza kuonekana katika daftari.

Jambo la kwanza lilikuwa majina. Mnajua kwamba kwa Wabarbaig majina mengi ya wanaume huanza na Gida na ya wanawake huanza na Uda, na kwamba Kiiraqw kina sauti zinazoandikwa tl na qw na hh. Kibodi ya simu ile ilijitwika kazi ya kusahihisha. Kila nilipoandika jina la jirani yangu, ililigeuza kuwa neno la Kiswahili au la Kiingereza, na mara moja ujumbe wa kumwarifu mtu juu ya kikao cha ukoo ukaenda na jina ambalo si la mtu yeyote duniani. Kibodi ya zamani nayo ilikuwa na tabia hiyo, lakini ukiisahihisha mara mbili ilikoma. Hii mpya ilisahau kila asubuhi. Kosa namba tano.

La pili lilikuwa fedha. Wengi wetu hatutumi fedha kwa programu zenye picha; tunapiga nyota, namba na reli, kama vile *150*00#, na orodha inakuja, tunachagua kwa tarakimu. Huduma hiyo ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na njia ile ya nyota na reli haihitaji intaneti wala simu ya gharama. Mimi laini yangu ya fedha haikuwamo, lakini nilinunua laini nyingine nikaisajili kwa alama ya kidole kama sheria inavyotaka, nikaweka shilingi elfu mbili za majaribio. Orodha ikaja vizuri. Ilipofika mahali pa kuandika namba ya siri, kibodi ilipanda ikafunika kisanduku cha kuandikia. Ukikitafuta, muda unakwisha na shughuli inakatika. Kijana mwepesi ataligundua: anarudisha kibodi chini, anagusa, anaandika haraka. Lakini nilimpa mama mmoja mzee, jirani yangu, ambaye kila mwezi hupokea fedha kutoka kwa binti yake. Alijaribu mara tatu, akairudisha simu mezani.

"Baba, hii imenikataa," akasema.

Hakusema ni mbovu. Alisema imemkataa yeye. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyatamka, na ndiyo yaliyonifanya niache kuliona jaribio hili kama burudani ya mzee mstaafu.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Mwanzoni mwa Julai niligundua kwamba watu wananiambia, "Mzee, tulikupigia kwenye ile namba mpya, hupatikani," nami nilikuwa nimeishika simu mkononi na mtandao unaonyesha. Hapa nawaomba mnivumilie nitoe somo dogo. Simu iliyoko kwenye 4G, ikipigiwa, mara nyingi haiwezi kuita pale pale. Inabidi iteremke kwanza kwenye 3G au 2G ndipo iite. Mjini inateremka haraka bila wewe kujua. Kwetu, ambako mlima na mabonde vinaukata mtandao, na hatua kumi tu zinaweza kukutoa kwenye mnara mmoja hadi mwingine, kuteremka huko ni kama kushuka ngazi gizani. Programu ile ya majaribio ilikuwa inakosea ngazi. Mpigaji anaambiwa mtu hapatikani. Mpigiwa haoni hata alama ya kwamba alitafutwa.

Ninyi ambao hamkai chini ya Hanang mnaweza kusema, si kitu, atapiga tena. Nami nawakumbusha tarehe 3 Desemba 2023. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mvua kubwa imenyesha, na kutoka mlimani yakateremka maji, matope, mawe na miti, yakapita Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ikiwamo. Walikufa watu zaidi ya 80. Kwa siku kadhaa swali la kwanza la kila aliyekutana na mwenzake lilikuwa, "Umempata kwenye simu?" Mtu aliyesikia kwamba mwenzake hapatikani hakufikiria betri wala mnara. Alifikiria tope. Basi programu inayosema uongo kwamba mtu hapatikani, wakati yupo na simu mkononi, kwetu sisi si kasoro ndogo.

Nikaandika taarifa. Katika simu ya beta kuna mahali pa kupelekea malalamiko. Unaandika kilichotokea, simu yenyewe inaambatanisha kumbukumbu zake za ndani. Niliandika kwa Kiingereza cha ufundi, kwa sababu ndicho kinachosomwa huko. Baada ya siku kumi na moja likaja jibu la adabu: wamejaribu kwao, hawakuliona kosa hilo, na wamelifunga.

Sikuwalaumu. Wao walipo, mtandao hauteremki ngazi gizani. Ni yule mtaalamu wa maharage aliyepanda kwenye kituo tu. Lakini fundi wa Posta na Simu hafungiwi taarifa kirahisi hivyo. Nilimwita mjukuu wa jirani, wakati ule yuko Kidato cha Tatu, kijana mwenye utulivu, nikamweleza kazi. Tulichagua mahali patatu: nyumbani kwangu, kisimani, na kwenye jiwe kubwa la njia ya kupandia mlimani. Kila mahali tulipiga mara kumi, simu ya kawaida ikiipigia ile ya majaribio, na simu ya tatu ikichukua picha za video vioo vyote viwili pamoja na saa. Nyumbani iliita mara kumi. Kisimani iliita mara sita. Kwenye jiwe iliita mara mbili.

"Babu," akasema yule kijana, "tuitoe ile laini tuitie kwenye simu yako ya kawaida, tupige tena hapa hapa. Vinginevyo watasema ni mtandao."

Ndugu walimu, huyo mmemfundisha vizuri. Jambo hilo nilikusudia kulifanya kesho yake, naye amelisema kabla sijafungua mdomo. Tukafanya hivyo. Laini ile ile, jiwe lile lile, simu ya kawaida: iliita mara tisa katika kumi. Basi shaka ikaondoka kwenye mnara ikabaki kwenye programu. Tulipeleka taarifa ya pili tukiwa na hesabu hizo, saa, na video mbili fupi, kwa maneno yasiyozidi nusu ukurasa.

Safari hii jibu lilikuja siku ya tatu, na lilikuwa na maswali. Laini ni ya aina gani, simu ilikuwa kwenye nguvu kiasi gani ya mtandao kabla ya kupigiwa, tunaweza kuwasha rekodi fulani na kurudia? Tukarudia. Mwishoni mwa Agosti likaja toleo jingine la majaribio, na katika orodha ya yaliyorekebishwa, mstari wa saba, kulikuwa na maneno machache juu ya simu kutoita katika mtandao hafifu. Hawakuandika Gendabi, wala hatukutazamia waandike. Tulipanda tena kwenye jiwe. Iliita mara tisa.

Katika makosa kumi na moja tuliyoyapeleka, lile lilirekebishwa, na kisanduku cha namba ya siri kilirekebishwa mwezi Septemba. Betri ilipata nafuu. Majina ya Kibarbaig na Kiiraqw hayakujibiwa kabisa, na kitufe cha "kumbukumbu" kilibaki kama kilivyokuwa. Siwezi kuiita hesabu mbaya. Google walitoa rasmi Android 15 tarehe 3 Septemba 2024, simu za Pixel zikaipata tarehe 15 Oktoba, na kampuni nyingine zikafuata kila moja kwa ratiba yake. Yapo yaliyonivutia wiki ya kwanza ambayo leo siyatumii kamwe, kile chumba cha siri kikiwa cha kwanza, na mnajua kwa nini.

Ili msidhani nawasimulia bahati ya kijiji kimoja, tazameni jambo jingine la mwaka ule ule. Mwezi Mei 2024 Google walitangaza kufuli la wizi: simu inatambua kwa mwendo wake kwamba imenyakuliwa mkononi na mtu anakimbia nayo, na inajifunga. Walianza kulijaribu Brazil. Kwa nini Brazil? Kwa sababu unyakuzi wa simu ni tatizo linalojulikana huko, na watu wa huko walilisema kwa sauti ya kusikika. Dawa ikajaribiwa palipo na ugonjwa. Sisi tuna magonjwa yetu ya simu: mlima, umeme wa kukatika, laini mbili katika simu moja, fedha za nyota na reli, majina ambayo kibodi haiyajui. Mtengenezaji hatayaota usiku. Asipokuwapo mjaribu mmoja mahali kama Gendabi, programu itatolewa rasmi ikiwa imefaulu mitihani yote isipokuwa wetu, na kosa litakutana kwanza na yule mama mzee, ambaye hataandika taarifa popote. Atasema imemkataa.

Sasa nije kwa vijana, maana nimeona macho ya baadhi yenu tangu nilipotaja neno beta. Mnataka kwenda kuiweka usiku huu. Nawaambieni wazi: msiiweke kwenye simu ya baba wala ya mama. Simu ile, siku hizi, ndiyo benki ya nyumba, ndiyo kitambulisho kwa wakala, ndiyo njia ya daktari na ya mnunuzi wa mbaazi. Beta inaweza kufuta yote yaliyomo, na kurudi nyuma nako kunafuta. Hata programu iliyokwisha kutolewa rasmi huweza kuleta balaa. Tarehe 24 Septemba 2014 kampuni ya Apple ilitoa sasisho la iOS 8.0.1, na iPhone 6 zilizolipokea zikapoteza mtandao wa simu kabisa; ikabidi waliondoe baada ya kama saa moja hivi. Walisema simu zilizoathirika hazikufika 40,000. Ile ilikuwa programu rasmi, ya kampuni tajiri. Hebu fikirieni basi iliyo ya majaribio, katika simu pekee ya nyumba, usiku wa mvua.

Mwenye simu ya pili isiyo na kitu, hata iliyopasuka kioo, huyo anaweza. Lakini aanze kwa kuuliza kama simu hiyo imo katika orodha ya kampuni, maana nyingi hazimo. Anunue daftari kabla ya kifurushi. Kusema "ni mbaya" si taarifa. Taarifa ni mahali gani, saa ngapi, ulifanya nini, ulitazamia nini, kikatokea nini, na je, kwa simu nyingine hali ni ile ile. Mwalimu wa fizikia ataona kwamba sijasema lolote ambalo hakuwafundisha katika maabara.

Kuna mwenzetu aliyeniuliza jana jioni kama si kuwafanyia matajiri kazi bila mshahara. Ni swali zuri, na nimelifikiria. Ni kweli hawakunilipa, na vocha ilikuwa yangu. Kampuni yenye faida ya mabilioni inayomwachia mstaafu wa Gendabi kugharamia kifurushi cha kurekebisha bidhaa yake ina deni, nami ningependa siku moja chama chetu kiwaandikie juu ya jambo hilo. Hata kifurushi cha bure kwa wajaribu wa vijijini kingekuwa mwanzo. Lakini simu ikikataa kuita pale kwenye jiwe, hasara haitakuwa ya kampuni. Kwa hiyo nimeendelea. Toleo la 16, lililotoka rasmi Juni 2025, tulilijaribu pia tukiwa wawili, na daftari lake ni jingine.

Ndugu Mwenyekiti, muda ulionipa umekwisha. Madaftari yote mawili nayaacha kwa mwalimu wa fizikia, pamoja na simu yenyewe na chaji yake. Yule kijana niliyemtaja yuko hapa, kaketi safu ya nyuma kwa aibu, na baada ya chakula atawaonyesha namna tulivyopanga zile video. Orodha ya majina ambayo kibodi inayaharibu imefika thelathini na nne. Nawaomba Wairaqw na Wabarbaig mliopo mpite mezani mniongezee ya koo zenu, kwa maandishi yanayosomeka, maana nataka kuipeleka tena mwezi ujao.